Li na Me

"Did you went," Edinah alisema.

"Go," nikamwambia.

"Did you wented."

"Go tu, Edinah. Iache jinsi ilivyo."

Alishusha karatasi magotini akanitazama kana kwamba nimempunja. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja karibu na mlango, leso kiunoni, vidole vyeusi kwa utomvu wa ndizi. Mimi nilikuwa nyuma ya kompyuta nikichapa mtihani ambao shule moja ya hapa Rongo iliutaka kabla ya jioni. Nilichapa mstari mmoja, nikasikiliza swali moja, nikachapa mwingine.

"Lakini alienda zamani," alisema. "Kama ni zamani, go inaingilia wapi? Go ni ya leo."

"Zamani imebebwa na did. Kitenzi hakina haja ya kuibeba tena."

"Wanapokezana?"

"Ebu angalia. Ukisema kwa Kiswahili 'ulienda', zamani iko wapi hapo?"

Alifikiri, midomo ikitamka bila sauti. "Kwa li."

"Na unaweza kusema 'ulilienda'?"

"Hiyo ni ya mlevi!"

"Basi did ndiyo li. Ukishaiweka mwanzoni, usiirudie mwishoni. 'Did you went' ni 'ulilienda.'"

Alichomoa kalamu iliyokuwa kwenye kitambaa cha kichwa akaandika herufi mbili juu ya kila did iliyokuwa kwenye karatasi: li, li, li. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Mbona shuleni hawakusema hivi?"

"Labda walisema."

"Labda. Mimi nilikuwa nabembeleza mtoto."

Hakuwa anatania. Mama yake alifariki siku chache baada ya kumzaa mdogo wake, Nyamusi, na Edinah akiwa darasa la nne ndiye aliyemlea, yeye na nyanya yao. Siku ambazo nyanya alikwenda shambani, Edinah alifunga mtoto mgongoni akaenda naye darasani, na mwalimu akamruhusu kukaa karibu na mlango ili atoke mtoto akilia. Mtoto alipoanza kuuguaugua, watu wa kanisa walimshauri nyanya ampeleke kituo kimoja cha watoto Homa Bay, mpaka apate nguvu. Wakawa wanakwenda kumwona. Siku moja walipokwenda waliambiwa kwamba Nyamusi amepata wazazi na yuko Kanada.

Huko Kanada aliitwa Tessa. Sasa ni mwanamke wa miaka ishirini na kitu, na aliwatafuta mwenyewe, kwa kuandikia ofisi moja baada ya nyingine. Jana alifika Homa Bay. Leo alikuwa na miadi kwenye kile kituo alikolelewa. Kesho angefika Rongo, nyumbani kwa Edinah, na upande wote wa soko la ndizi ulikuwa unajua.

Edinah hakuja kwangu kujifunza Kiingereza. Alikuja kujifunza maswali. Alisema hivyo asubuhi alipoingia, akiwa amemwachia jirani meza yake ya ndizi: "Mama Ken, majibu nitayaona tu usoni. Nipe maswali."

Nilimwambia mapema kwamba mimi si mwalimu. Kiingereza changu nimekiokota kwenye mitihani ya watu. Mtu akichapa maswali miaka mingi, na karatasi za majibu pia, mwishowe hujua ni neno gani hukaa kwenye pengo gani. Kuongea ni jambo jingine. Edinah alisema hata yeye ana pengo tu, hana hotuba.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Mwezi uliopita dada hao walizungumza kwa video. Duke Onsongo, mtoto wa baba yao mdogo, ambaye amesoma chuo kikuu, ndiye aliyekuwa mkalimani. Edinah aliuliza jambo moja, lile ambalo amekaa nalo tangu utotoni: "Walikuambia kuhusu mimi?" Duke alizungumza kwa muda mrefu. Yule msichana akacheka, akajibu kwa muda mrefu pia. Duke akageuka na kusema, "Anasema alikua vizuri. Anapenda sana kuogelea."

"Niliuliza habari ya mgongo wangu," Edinah aliniambia, "nikajibiwa kuogelea."

Alitaka kuuliza tena kesho, kwa mdomo wake mwenyewe, swali lisipitie kwa mtu. Nilielewa. Nilijua pia kwamba huenda jibu likawa hapana, na yeye alijua, kwa hiyo hatukulizungumza hilo.

Tulianza na yale mepesi. Did you sleep well. Did you eat. Alipoyashika nikamletea have, kwa sababu kwenye mitihani did na have hukaa pamoja, na wanafunzi hukosea hapo kuliko mahali pengine. Nilimwambia kwamba kama did ni li, basi have inafanana na me: umekula, have you eaten, umelala, have you slept. Na baada ya have kitenzi hubadilika umbo, tofauti na did.

"Ngoja," alisema. "Usinirundikie." Alisimama, akatoka mlangoni, akatazama upande wa soko kama mtu anayeangalia mvua, halafu akarudi. "Li ni ndizi niliyouza. Mtu ameenda nayo, sijui kama ameila ama imeozea kwa gari. Me ni ndizi nimekata, lakini iko hapa kwa meza yangu, naiona. Ni hivyo?"

Nilifikiri kidogo kabla ya kujibu, maana sikuwahi kuona maelezo ya aina hiyo kwenye karatasi yoyote. "Ni hivyo," nikasema. "Karibu kila mara ni hivyo."

"Karibu?"

"Karibu."

Hakuridhika na hilo neno, lakini aliendelea. Nilichapa swali lake kubwa kwa namna mbili, moja juu ya nyingine, nikakuza herufi ili azione kutoka kwenye benchi.

Did they tell you about me?

Have they told you about me?

Nikamsomea yote mawili polepole. La kwanza linauliza habari ya wakati ule. La pili linauliza kuanzia wakati ule mpaka leo. Nikamwambia kwamba hakuna lenye kosa. Ni yeye atakayechagua.

"Hili la have ni tamu zaidi," alisema. "Halina ukali."

"Unaweza kulichukua."

Alitazama kioo cha kompyuta kwa muda. Nje, mtu wa mkokoteni alipita akipigia watu kelele wampishe, na Edinah hakugeuka. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana. Nikiuliza la have, atasema ndiyo."

"Hilo si ndilo unalolitaka?"

"Si leo anajua? Ametutafuta, akatupata, tumeongea. Kwa hivyo 'mpaka leo' jibu lake ni ndiyo, hata kama alijua mwaka jana. Hiyo ni ndiyo ya bure, Mama Ken. Mimi nataka ya wakati ule. Akiwa mdogo, wakimlaza, kuna mtu alimwambia uko na dada alikubeba?" Akaelekeza kidole kwenye mstari wa kwanza. "Nipe li."

Nikafuta mstari wa pili. Tulirudia wa kwanza mpaka ulimi wake ukauzoea. Shida yake ilikuwa "about", aliyoitamka kama boti, na kila mara alijicheka mwenyewe kabla sijasema neno.

Duke aliingia katikati ya boti mojawapo. Ni kijana mrefu, mcheshi, na siku hiyo alikuwa na jasho la mtu aliyezunguka tangu asubuhi akitafuta hema na viti vya plastiki vya kukodi.

"Mama Ken, za kazi? Dada, watu wanaulizia ndizi, wewe umeanza chuo?"

"Nimeanza. Na sitaki mkalimani."

"Umenifuta kazi kabla ya mshahara!" Akakaa kando yake kwenye benchi, akasoma karatasi yake kwa jicho moja. "Haya, basi. Akishuka kwa gari, utamwambia nini kwanza?"

"Si nitamwambia tu 'Umekuja?' Kama mtu yeyote."

"Kwa Kiingereza."

Edinah alitazama karatasi, akatafuta me yake, akapata have. "Have you come?"

Duke alijipiga paja. "Ataanza kujiangalia miguu aone kama amekuja!"

"Kwani wao hawaulizi hivyo? Mama Ken?"

"Sijawahi kuiona," nikasema. "Nadhani hawaulizi jambo wanaloliona."

"Hata asubuhi? 'Umeamka?'"

"Hata hilo."

"Sasa wanasalimianaje?"

"Hello," Duke akasema.

"Hello ni ya simu," Edinah alisema, na hilo likaisha hapo, kwa upande wake.

Duke alicheka, kisha akaona ule mstari mmoja kwenye kioo changu, na kicheko kikapungua. Alikuwa amelitambua swali. Alisugua magoti kwa viganja.

"Dada, ile siku ya video," alisema.

"Ile ya kuogelea."

"Sikumuuliza vile uliniambia."

"Najua. Hata kuku alijua."

"Nilimuuliza kama alikuwa na utoto mzuri. Niliogopa. Mtu ametoka kuona uso wako mara ya kwanza, halafu aseme hapana, hawakuniambia, mimi sikukujua? Na wewe uko hapo umevaa nguo ya kanisa? Niliona bora kwanza nimuulize mimi, nikiwa peke yangu. Halafu nikaogopa hata hiyo."

Edinah hakumjibu kwa hasira niliyoitarajia. Alimtazama tu, akamtoa jani kavu la mgomba lililokuwa limenasa begani mwake. "Na umekuwa mkubwa hivi," alisema. "Ndiyo maana nataka niulize mwenyewe. Wewe unaniogopea, halafu nabaki sijui."

Wakati huo ndipo simu yake ililia kwenye mkunjo wa leso.

Ilikuwa ujumbe wa sauti, kutoka kwa Tessa. Edinah alinyoosha simu mbali kidogo, kama anavyofanya akiogopa kubonyeza vibaya, akaucheza. Tulisikia upepo kwanza, na ndege wa ziwani, halafu sauti ya msichana, polepole, kila neno likiwekwa chini kama yai.

"Dada Edinah. Habari gani. Mimi ni Nyamusi. Leo nilienda nyumba ya watoto. Kesho ninakuja Rongo." Tulisikia akivuta pumzi. "Je, ulinisahau?" Kisha kitu cha haraka cha Kiingereza, kama mtu anayeomba radhi, na ukakatika.

"Kiswahili!" Duke alisema. "Dada, amejifunza Kiswahili! Na amejiita Nyamusi!"

Edinah aliucheza tena. Nilimwona akisikiliza lile jina, uso ukafunguka. Kisha ujumbe ukafika mwisho, na uso ukabadilika. Akaucheza mara nyingine, kuanzia karibu na mwisho.

"Li," alisema.

"Edinah," nikasema.

"Amesema li, Mama Ken. Hajasema umenisahau. Amesema ulinisahau."

"Amesema tu," Duke alisema. "Pengine ametumia simu kutafsiri."

"Nyamaza wewe, mtu wa kuogelea." Sauti yake haikuwa na utani tena. Alinigeukia. "Li ni ndizi imeuzwa. Si ndivyo tulisema?"

"Ndivyo ulivyosema. Na mimi nikakubali."

"Basi kwake imeisha. Nilimsahau, ilipita, hana neno. Anakuja kama mtu anayepitia kuona duka alikonunuliwa sukari akiwa mtoto. Anapiga picha, anaenda."

Asubuhi nzima nilikuwa nimempa kanuni, mstari kwa mstari, nikijivunia jinsi anavyoishika, na sasa aliishika vizuri kuliko nilivyokusudia. Kanuni ya kujaza mapengo alikuwa ameigeuza chombo cha kupimia moyo wa mtu, mtu mwenyewe akiwa Homa Bay, akijikaza kusema lugha ambayo si yake.

"Nitakuambia ninachokijua," nikasema. "Kwa Kiingereza mtu huuliza 'Did you forget me?' Ni swali la kawaida. Akilihamisha neno kwa neno, linakuja na li. Hilo ni moja. La pili, pengine simu ndiyo iliyomchagulia. La tatu, pengine amechagua mwenyewe, akijua. Kati ya hayo matatu sijui ni lipi."

"Wewe si ndiye mwalimu?"

"Mimi ni mchapaji. Na swali hili halina karatasi ya majibu."

Mteja mmoja aliingia kutaka kopi ya kitambulisho, mzee wa kutoka Uriri, mwenye haraka. Nilimhudumia. Printa ilikwama kidogo, nikaifungua, nikavuta karatasi, nikaanza upya. Duke alijifanya anasoma tangazo la picha za pasipoti ukutani. Edinah alikaa na karatasi yake magotini, na nilipomaliza na yule mzee nilimkuta anaitazama ile li aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu, juu ya did ya swali lake kubwa.

"Na mimi nimemchagulia li," alisema.

Niliitupa ile karatasi iliyokwama kwenye printa.

"Tulikuwa na mbili hapo. Nikakataa ya me. Nikasema nipe li." Alikuwa akiongea polepole, kama anayehesabu vidole vya mtoto. "Na sikuichukua kwa sababu imeisha. Kwangu haijaisha hata kidogo. Niliichukua kwa sababu nataka kujua ya wakati ule."

"Ndivyo ulivyoniambia."

"Basi akinisikia kesho, naye akawa na mtu kama wewe wa kumfundisha, atasema, huyu dada ameuliza kwa li, kwake mambo yamekwisha."

"Anaweza kusema hivyo."

"Na atakuwa amekosea."

"Atakuwa amekosea."

Akaucheza ujumbe tena, na safari hii nilimwona anasikiliza ile pumzi kabla ya swali, si swali. "Labda na yeye anataka kujua ya wakati ule," alisema. "Alilala kwenye kitanda cha kituo, akangoja mtu. Ama hakungoja, alikuwa mdogo, hakumbuki. Leo amekiona hicho kitanda."

"Labda."

"Labda, labda. Wewe Mama Ken labda zako zimejaa debe." Lakini alisema hivyo kwa sauti yake ya kawaida, ile ya sokoni.

Duke aligeuka kutoka ukutani. "Basi mjibu, dada. Simu yake inamwonyesha umeshasikiliza. Atafikiri umekasirika. Mwambie no. Ni neno moja, hata halihitaji mwalimu."

"Si neno moja."

"Kwani ulimsahau?"

Swali hilo lilimtoka Duke bila ukali, kama anavyouliza mambo yote, na nadhani alijuta papo hapo. Edinah alikunja karatasi mara mbili, akaikunjua tena.

"Angeuliza 'umenisahau', ningesema hapana na nikalala usingizi," alisema. "Hiyo iko wazi. Niko hapa, namngoja, nimenunua hadi mapazia. Lakini ameuliza ya wakati ule. Na wakati ule, Duke, nilioleka. Nikapata Nyabuto, nikapata huyu mwingine. Baba yao akawa hana kazi. Kuna mwaka mzima sikumtaja hata kwa maombi. Mwaka mzima. Halafu siku moja namwosha Nyabuto nyuma ya masikio, nakumbuka masikio ya Nyamusi, nakaa chini hapo hapo kwa maji." Alipangusa vidole kwenye leso, ingawa utomvu ulikuwa umekauka zamani. "Sasa hiyo ni ndiyo ama ni hapana?"

"Hiyo usimwambie," Duke alisema haraka. "Mwambie hapana. Ametoka mbali."

Edinah alimtazama, akatabasamu kidogo. "Unaona? Unaona vile unafanya?"

Duke akainua mikono miwili, kama mtu anayesalimu amri kwa askari wa trafiki. "Sawa," alisema. "Sawa, dada. Lakini usimwache hivyo mpaka kesho."

"Mwandikie. Andika vile nasema, usiongeze. Mwambie nimesikia. Mwambie nitamjibu mwenyewe, kesho."

Duke alichukua simu, akaandika, akasoma kwa sauti: "I have heard you. I will answer you myself, tomorrow."

"Mama Ken, ameandika nilivyosema?"

Nilisimama nikaisoma juu ya bega lake. "Ameandika ulivyosema."

"Hakuna kuogelea ndani?"

"Hakuna."

"Tuma."

Alituma. Tulikaa tukitazama simu, wote watatu, na hakuna kilichokuja, na baada ya muda Duke akasema viti havijikodishi, akaondoka. Alipofika mlangoni alirudi hatua moja. "Akija kesho na ukikwama," alisema, "niangalie tu. Nitasema neno ulilokwamia, hilo moja, halafu ninyamaze."

"Tutaona kama utaweza."

Tulipobaki wawili, Edinah alisogeza benchi karibu na meza yangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu asubuhi. "Siku nzima tumesoma maswali," alisema. "Hatujasoma jibu hata moja."

"Hukuniomba majibu."

"Nilidhani ni mimi pekee nitauliza." Aliweka karatasi mezani, upande mweupe juu. "Nataka kusema yote mawili. Kwamba kuna wakati nilisahau. Na kwamba sijasahau. Inawezekana kwa Kiingereza, ama moja inaua nyingine?"

Nilifikiri juu ya hilo. Kwenye mitihani, mwanafunzi hupewa mapengo, na kila pengo lina neno moja sahihi. Anayeandika mawili hupata sifuri. "Inawezekana," nikasema. "Zitakuwa sentensi mbili, moja ya li, moja ya me. Zitakaa jirani."

"Anza na ya li. Hiyo ndiyo inaniogopesha."

Nilifungua ukurasa mpya, nikachapa: Sometimes I forgot.

Aliisoma kwa kidole. "Did iko wapi?"

"Hapa haiji. Did ni ya kuuliza na ya kukana. Ukikubali jambo, kitenzi chenyewe ndicho kinachobeba zamani."

"Aki Mama Ken! Siku nzima umenitwanga did, did, sasa imehama?"

"Imehama."

"Kwa hivyo nikikubali, hakuna kitu mbele cha kunisaidia."

"Hakuna. Ni wewe na kitenzi."

Alicheka, lakini alikaa nalo. Kisha akajaribu. Sometimes I forgot. Mara ya kwanza sauti iliishia njiani. Mara ya pili aliifikisha. Hakuikosea hata herufi, na nilitaka kumwambia hivyo, lakini uso wake haukuwa unangoja kusahihishwa, kwa hiyo nilirudi kwenye kioo nikachapa mwanzo wa sentensi ya pili: I have.

Jirani yake wa sokoni alikuja mlangoni akamwita kwa Ekegusii, kwa kelele. Gari la ndizi kutoka Nyamarambe lilikuwa limefika na dereva anataka kushusha, na mwenye mali hayupo. Edinah alijibu kwa kelele hizo hizo kwamba anakuja, akajifunga leso upya, akaangalia maneno yale mawili yaliyokuwa peke yake kwenye mstari.

"Hiyo inaenda namna gani?"

"Inahitaji not, halafu forgotten. Hatujafika kwenye not."

"Forgotten. Si forgot?"

"Forgotten. Baada ya have umbo linabadilika, nilikuambia asubuhi."

"Uliniambia mambo mengi asubuhi." Tayari alikuwa ameshuka ngazi moja. "Yeye anatoka Homa Bay saa ngapi?"

"Duke alisema baada ya chai."

"Basi nitakuja mapema, kabla hujafungua. Nigonge dirisha?"

"Gonga."

"Na hiyo not inakaa wapi, mbele ya have ama nyuma?"

Nilifungua mdomo kumjibu, lakini alinikatiza kwa mkono.

"Usiniambie sasa. Nitaichanganya na bei ya ndizi. Kesho," alisema, akavuka barabara kuelekea kwenye gari.